Kwa Nini Wimbo wa Chombo Hukatika Nanga Ikishatiwa

Mliopiga makofi waimbaji waliponyamaza, msione haya. Kila harusi ya hapa Shungwi ina wageni, na kila mgeni hupiga makofi pale pale. Kaeni basi. Pilau bado iko jikoni na wapishi hawajaanza kugombana, kwa hiyo wakati upo wa kuwaeleza kwa nini kinamama hawa hukata wimbo wa chombo katikati ya mshororo wa mwisho, wakaangalia chini, kisha wakatawanyika kana kwamba wamesahau maneno.

Hapo kale nyimbo za vyombo zilikuwa na mwisho. Kila chombo kilichoshushwa majini hapa kilitungiwa wimbo wake, na mtunzi alikuwa mwanamke, mke au dada wa nahodha. Siku ya safari ziliimbwa beti zote isipokuwa mshororo mmoja, wa mwisho, uliowekwa akiba mpaka chombo kirudi. Nusu yake ya kwanza ilikuwa moja kwa nyimbo zote: *Chombo kimetia nanga*. Nusu ya pili ilikuwa na sura mbili. Chombo kikirudi, mtunzi alisimama ufuoni akaimba *wetu wote wako pwani*. Kikipotea, alisimama pale pale akaimba *wetu wote wako chini*.

Tofauti ni neno moja, na mji mzima uliishi kwa neno hilo. Likisemwa *chini*, wake walikaa eda, urithi uligawiwa, na jina la chombo likawa huru kupewa chombo kingine. Lisiposemwa, hakuna aliyekufa. Na kinywa kilichoruhusiwa kulisema kilikuwa kimoja tu, cha mtunzi.

Sasa palikuwa na nahodha aitwaye Shee Mbwana, mtu mpole, mzito wa kuondoka mahali. Alikuwa wa mwisho kutoka msikitini na wa mwisho kuinuka kwenye sinia, ingawa hili la pili watu walisema lina sababu zake. Walipomcheka sana alikiita chombo chake Sina Haraka, maneno yakaisha. Mkewe, Somoe, ndiye aliyekuwa mtunzi hodari kuliko wote. Siku Sina Haraka kinakwenda kaskazini kuchukua boriti, nahodha na mabaharia wake wakiwa kumi na mmoja jumla, Somoe alisimama mbele ya watu akamtania mumewe kwa mshororo ambao ufuo mzima uliuangulia kicheko:

*Nenda Shee taratibu, ukichelewa si neno.*

Shee mwenyewe alicheka, akainua mkono, akasahau kuushusha. Hivyo ndivyo walivyomwona mara ya mwisho.

Ilikuwa safari ya miezi mitatu. Ukapita mwaka. Vyombo vilivyoondoka baada yake vilirudi, vikasema havikuona kitu, wala ubao, wala kipande cha tanga. Mwanzoni watu walifanya mzaha kwamba chombo kilishasema chenyewe hakina haraka. Mwaka wa pili mzaha huo uliachwa, wala hapakuwa na aliyeukataza.

Somoe hakulia mbele za watu. Alitwanga, alisuka mikeka, alijibu salamu. Kilichomla ndani ni ule mshororo. Wanawake wengine walipoagana na waume zao waliwaambia rudini upesi. Yeye alimpa wake ruhusa ya kuchelewa, tena mbele ya mashahidi.

Kadhi aliulizwa. Akasema hana ushahidi wa kifo wala wa uhai, akamwandikia kadhi mkubwa wa ng'ambo kuomba shauri. Jibu lilitumwa kwa chombo, na chombo hicho nacho kikachelewa.

Ndipo ikaja barua ya liwali kwa karani wa forodha, Bwana Mselemu. Bwana Mselemu alikuwa na mwavuli, mihuri miwili na wino wa rangi tatu, na daftari lenye safu mbili, ya vyombo vilivyofika na ya vyombo vilivyozama. Barua iliamuru kwamba vyombo vyote viwe vimefika au vimezama kabla ya mwezi kuandama. Bahari haikupelekewa nakala. Bwana Mselemu alipiga mhuri, akaenda kumwambia Somoe kwamba Jumatano asubuhi, maji yakiwa yametoka, ataimba mshororo wa mwisho ufuoni, ili daftari lifungwe.

Kama ingekuwa amri ya forodha peke yake, Somoe angeipuuza kama watu walivyozipuuza nyingine. Lakini usiku haukuingia kabla Mwanamkuu hajabisha hodi. Mwanamkuu alikuwa mke wa baharia mdogo kuliko wote. Aliishi na mumewe siku arobaini, akamngoja miaka miwili na nusu. Alikuwa ameposwa na mtu mwema wa mtaa wa pili, na posa haikuweza kujibiwa. Hakuketi.

"Dada Somoe," alisema, "wewe unamngoja mumeo. Mimi nangoja mdomo wako."

Mwanamkuu hajafika kwake, akaingia Bi Tima, mama wa baharia mwingine, bibi kizee aliyekuja akishika kuta. Yeye alikuja kuomba kinyume.

"Usiniulie mwanangu, Somoe. Yule alichelewa hata kuzaliwa. Wakunga walikata tamaa, wakaniambia nikubali. Sikukubali. Akaja."

Hivyo Somoe akabaki na neno moja mdomoni. Akilisema, anamzika mtoto wa Bi Tima na Shee wake mwenyewe kwa pumzi moja. Asipolisema, anamzika Mwanamkuu angali hai. Na kusema *pwani* kungekuwa uongo, tena bahari ikiwa inatazama.

Jumatano mji mzima ulishuka. Bwana Mselemu alikuwa ametanguliza meza na kiti, na miguu ya meza ikawa inadidimia mchangani taratibu, hata akalazimika kuandika ameinama kama anayetafuta sindano. Aliwaamuru watu wasimame kwa safu. Walisimama walivyotaka.

Somoe aliimba beti zote. Alipofika kwenye ule mshororo wa utani hakuuruka. Aliuimba kwa sauti ile ile ya siku ya kwanza, na safari hii hakuna aliyecheka. Kisha akafika mwisho.

*Chombo kimetia nanga,* aliimba. Akafumba mdomo.

Watu walingoja. Maji yalikuwa mbali, hata sauti yake haikufika. Bwana Mselemu alikuwa ameshaandika nusu ya kwanza, kalamu iko juu.

Somoe aligeuka, akawatazama wenziwe mmoja mmoja, akawaambia kwamba nusu iliyobaki si yake peke yake, kila mwenye mtu wake aimalizie. Halafu sauti nyembamba ikatoka nyuma, *wangu yeye yuko chini*, na Mwanamkuu akakaa mchangani. Wanawake wakamfunika kwa nguo zao. Akafuata mwingine, na mwingine, wakawa watano. Bi Tima alikuwa ameziba midomo yake kwa kidole, akitikisa kichwa. Waliobaki waliangalia chini.

"Na wewe, Bi Somoe?" aliuliza karani. Wanasema aliuliza kwa upole, jambo ambalo halikuwa katika barua.

"Mimi nilimwambia akichelewa si neno," alisema Somoe. "Siwezi kumgeuka leo."

Bwana Mselemu alitazama safu ya waliofika, akatazama ya waliozama. Wino ulikuwa umekauka kwenye kalamu. Mwishowe aliandika chini ya ukurasa *inaendelea*, akapiga mhuri. Ukurasa wa pili haukuandikwa kitu mpaka alipostaafu.

Mwanamkuu alikaa eda yake, akaolewa, akazaa. Bi Tima alikufa akiwa mama wa mtu anayekuja. Somoe aliishi hata nywele zikawa nyeupe zote, na hakuna mposaji aliyemaliza sentensi mlangoni kwake. Alipofariki, wanawake walimwimbia wimbo wa Sina Haraka mpaka *Chombo kimetia nanga*. Hapo wakakwama. Kinywa pekee chenye haki ya kummalizia Shee kilikuwa ndicho wanachokizika. Wakaangalia chini, wakatawanyika.

Na tangu siku hiyo hakuna wimbo wa chombo unaofika mwisho hapa Shungwi, hata wa chombo kilichorudi salama, hata wa harusini. Nusu ya pili huachwa kwa anayeihitaji, aiseme ndani ya midomo yake au asiiseme.

Mama wa bwana harusi, yule mwenye leso ya zambarau pale mlangoni, mumewe aliondoka na chombo miaka tisa iliyopita, hajarudi. Kila wimbo ulipokatika aliangalia chini tu. Leo, wakati mnapiga makofi, nilimwona akisogeza midomo.

Sikusikia alichosema. Ndiyo maana nawaomba, mara nyingine mngoje kidogo.