Makande ya Digidigi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanaposana kwa barua na mshenga, Digidigi aliachwa na mchumba wake, Paa, siku tatu tu kabla ya harusi. Tena Paa akamwoa jirani, vigelegele vikawa vinamfuata Digidigi mpaka jikoni kwake.

Aliumia, wanangu, msione mchezo. Akaapa kuolewa na yeyote atakayetangulia kubisha hodi, ili Paa akome.

Kesho yake, hodi! Ngiri mshenga kaleta posa ya Nyati. Na nyuma yake nani? Nyati mwenyewe. Wapi mliona mposaji akafuatana na mshenga wake? Mshenga huja peke yake, huacha barua, na jibu husubiriwa hata wiki. Nyati akasema wiki ni nyingi, yeye anataka jibu leo.

Digidigi akamtazama. Pembe pana, shamba kubwa. "Ndiyo" ilishafika kwenye ncha ya ulimi. Lakini akamwona Nyati anavyomnyang'anya Ngiri kiti, akaimeza.

"Nitakujibu leo hii," alisema kwa adabu. "Ila kwetu mgeni hajibiwi na njaa. Nateleka makande. Yakiiva tutakula, nami nitasema neno langu."

Akaingia jikoni, akateleka chungu, akakifunika vizuri. To-to-to, to-to-to, chungu kikatokota.

Nyati akauliza kama yameiva. Bado. Akauliza tena. Bado. Akachochea moto mwenyewe, akamlaumu Ngiri kwamba anakaa tu, akasema mke wa kuchelewesha chakula namna hii kwake atakiona cha mtema kuni. Digidigi alikoroga polepole, kifuniko kakiinua kidogo tu, masikio yamemsimama.

Adhuhuri haijafika, Nyati akakipiga chungu teke. Puu! Kikapasuka, moto ukazimika, na kokoto tupu zikabingirika mpaka mlangoni.

"Mawe?" alifoka. "Umenipikia mawe?"

"Hata ungengoja mwaka yasingeiva, bwana," alisema Digidigi, keshasogea karibu na mlango wa uani. "Nilitaka kuona utakuwaje ukiambiwa bado. Leo teke limekipata chungu. Kesho lingenipata mimi."

Nyati akaondoka na vumbi lake, hata barua akaisahau. Ngiri, maana mshenga hachoki, akauliza kama amtafutie mwingine, mpole.

Kwa jirani vigelegele vikalia tena. Digidigi akauma mdomo.

"Bado, kaka Ngiri," akasema. "Niache kwanza nilie yangu yaishe. Leo nilikuwa naolewa na Nyati ili tu nimchome Paa kwa pembe zake."

Akafagia vigae, akaingia ndani, akamlilia Paa mpaka akamchoka. Ilimchukua masika mazima, na posa iliyofuata aliisoma akiwa ametulia, anakunywa chai.

Basi wanangu, posa ya leo msiijibu kwa hasira ya jana.