Visamaki vya Mshamu na Siwa ya Sultani

Hapo zamani, enzi ambazo sultani akipiga chafya mji mzima ulisimama, aliishi katika mji wa Kiwandeo fukara mmoja jina lake Mshamu. Hakuwa na chombo wala wavu. Alikuwa na ufito, uzi na sindano aliyoipinda, na kila asubuhi alichuchumaa kando ya mfereji wa chemchemi, akavua visamaki visivyozidi ukucha, akavitazama, akacheka peke yake, kisha akavirudisha majini. Hiyo ndiyo starehe yake, na nyingine hakuwa nayo duniani.

Basi habari zikamfikia Sultani Zahidi, mtu mwenye tumbo kubwa na wivu mkubwa zaidi. Mshamu akaletwa barazani.

"Ewe mjinga! Desturi yetu huijui? Kila samaki avuliwaye nchini huletwa kwetu, siwa ipulizwe, wazee wasimame, nasi tuonje kwanza. Wewe wavua miaka saba, hujatuletea hata pezi!"

"Mawlana, niliona haya. Ni wadogo mno."

"Samaki ni samaki! Ukificha hata mmoja, utafukuzwa mji huu, na huo ufito wako utakuwa kuni."

Siwa, ile pembe kubwa ya enzi, ikapulizwa, na amri ya siwa haikutenguliwa ila kwa ridhaa ya aliyeamriwa. Mshamu akatoka roho mkononi, maana bila ule mfereji angeishi vipi? Akachuchumaa pale pale, akawaza weee, mwisho akatabasamu.

Kulipokucha akaja na sinia la karamu aliloazima, katikati yake kisamaki kimoja. Siwa ikalia. Wazee wakasimama. Sultani akaonja, akatafuta ladha, asiipate. Mshamu akainama, akaenda zake, na kabla Sultani hajaketi vizuri siwa ikalia tena, kisamaki cha pili kimefika. Ikawa hivyo hadi adhuhuri: Sultani yumo hamamuni, siwa; anambembeleza mke mdogo, siwa; kajificha chooni, wazee wamejipanga mlangoni na sinia, kwa adabu zote. Mpiga siwa midomo ikamvimba kama maandazi.

Kufika samaki wa sitini na tatu, Sultani akasalimu amri. "Mshamu, nakusihi, acha kuvua!"

"Sithubutu, bwana wangu. Nikija mikono mitupu mtasema nimeficha."

"Basi sema utakalo!"

"Itangazwe kwamba samaki asiyefika urefu wa kidole hana sultani."

Ikatangazwa hapo hapo, mpiga siwa akipulizia upande mmoja wa mdomo. Sultani kuona vile akaangua kicheko, tumbo likamtikisika.

"Baradhuli wewe! Umetuweza. Je, tukikupa mashua na nyavu, ukavue samaki wa maana?"

"Ahsante, mawlana, sitaki. Samaki wa maana ana mwenyewe kabla hajatoka majini."

Kicheko cha Sultani kikakatika njiani. Wazee wakainamia viatu vyao, na Mshamu akachukua ufito, akarudi mferejini.