Ngoma za Kuliokoa Jua

Wahenga walituambia mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia kama mwenyeji huyo atapona akitabasamu. Shen Yuheng, mkuu wa kalenda ya Mfalme mjini Beijing, alipona huku akisaga meno.

Alikuwa ametabiri kwamba jua lingepatwa asubuhi. Padri Lourenço, Mreno aliyekuja kuhubiri dini akaishia kupima nyota, alishikilia kwamba ni baada ya adhuhuri.

"Pua lote hilo, na bado hanusi ukweli!" Shen aliwachekesha makarani wake.

Asubuhi ilipofika, ngoma za kuliokoa jua zilirindima uani mpaka wapigaji wakachoka. Jua liling'aa tu, zima kama sahani. Shen akalowa jasho, kwani aliyekosea hesabu za mbingu alikatwa kichwa.

Ghafla Waziri Qiu wa Ibada akaangua kicheko. "Hongera, Bwana Shen! Wema wa Mfalme umeizuia balaa. Nyamazisheni ngoma, tupige magoti tumpongeze!"

Shen hakujua acheke au alie. Kumbe desturi ya kale imemwokoa! Jua lisipopatwa, sifa zote ni za Mfalme, na aliyekosea husamehewa.

Padri akamvuta mkono. "Bwana Shen, wazuie. Jua bado litapatwa. Mkishampongeza Mfalme, kisha giza likaingia, mtakuwa mmemdhihaki."

Kichwa kilimzunguka Shen. Huyu anataka kumponza, au kumponya? Mbona hakunyamaza tu, amrithi kiti?

"Kwa nini unaniambia mimi?"

"Nilipofika hapa sina pa kulala, nilikula tambi za nani?"

Waziri alikwisha kunja goti. Shen akajikuta anapiga kelele, "Subirini! Nimekosea mimi. Ngoma zisinyamaze!"

"Wee Shen, umerogwa na huyu mgeni?"

"Huenda, Mheshimiwa. Hata mimi sielewi."

Ngoma zikaendelea, watu wakitazamana wasijue wanapiga kwa ajili gani. Adhuhuri ikapita. Mara ukingo wa jua ukamegeka, kivuli kikatanda uani, na Waziri akakumbuka pongezi alizokaribia kumpa Mfalme.

Kwa kuwa alikiri kosa mapema, Shen alisamehewa. Kiti chake akapewa Padri. Ilimuuma Shen, tena sana! Jioni alisimama mlangoni kwa Padri, akajipapasa shingo, akaona bado ipo.

"Umeshakula?" akauliza kwa kununa. "Basi twende kwangu, tambi zinapoa."

Hakika, mgeni njoo, mwenyeji apone.