Chungu cha Bibi Salha

Wanangu, hebu fumbeni macho kidogo, muuone ua mdogo wenye mafiga matatu. Juu ya mafiga pana chungu kikubwa, na mbele ya chungu ameketi mama mmoja, peke yake, mwiko mkononi. Moshi unapanda. Hapana sauti nyingine pale ila ya uji mzito unaotokota.

Wazee wetu wametupokeza kwamba mama huyo aliitwa Bibi Salha binti Muhsin, Mwenyezi Mungu amrehemu, naye aliishi katika mji mmoja wa pwani zama za kale. Kila mwaka, Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa Maulidi, nyumba yake ndiyo iliyowapikia bokoboko watu wa msikitini. Ni chakula cha ngano na nyama. Huchemshwa mpaka nyama iachane na mfupa, kisha hupigwa mwiko kwa muda mrefu, hata ngano na nyama ziwe kitu kimoja. Kwa desturi hupikwa na watu wawili: mmoja hupiga, wa pili hukishika chungu kisipinduke. Mumewe alikuwa akishika chungu. Mume alipofariki, hakuna aliyeuliza nani atashika badala yake.

Siku nyingine za mwaka hapakuwa na mtu wa kubisha hodi kwake. Siku hiyo moja watu waliingia, wakamwita jina lake, wakamwombea dua. Na desturi ya mji ilikuwa kwamba nyumba itakayochelewesha chakula, mwakani chungu huhamia nyumba nyingine.

Basi mwaka mmoja, nguvu zikiwa zimeanza kumpungua, Ijumaa hiyo ilifika, naye Bibi Salha akaanza baada ya swala ya alfajiri. Alipiga mwiko, chungu kikayumba. Akaacha kupiga, akakiegemeza kwa mawe, akaanza tena. Jua likapanda, na ngano bado ngumu.

Jirani yake, Bi Saumu, akachungulia mlangoni.

"We Salha! Utakufa na mwiko mkononi. Watu wanatawadha saa hizi."

"Bado, dada."

"Bado, bado! Shika magadi haya. Tia kidogo tu, ngano italainika kabla imamu hajapanda mimbari. Nani atajua?"

Bibi Salha akayapokea. Akayatazama kiganjani kwa muda, akiuwaza ua ule utakavyokuwa mwakani bila mtu. Kisha akayarudisha.

"Watakula wakidhani imepigwa, na haikupigwa. Watanishukuru kwa kazi ambayo sikuifanya. Nitaitikiaje amina kwenye dua yao?"

"Haya, kaa na amina yako," akasema Bi Saumu, akaenda zake.

Swala ikaisha. Mwadhini, Mzee Bwanakheri, akaja na kusimama nje ya ua.

"Bibi, watu wamekaa wanangoja. Niwaambie nini?"

"Waambie haijaiva. Nikiibonyeza, chembe bado naziona."

"Wataondoka, mama. Na desturi unaijua."

"Naijua, baba. Nao wana haki ya kuondoka."

Mzee akainamisha kichwa, akarudi. Kitambo kidogo Bibi Salha akasikia nyayo za watu njiani, zikipita mlango wake bila kusimama, mpaka zikaisha. Akafuta machozi kwa ncha ya ushungi, akaendelea kupiga.

Mara mlango ukalia. Alikuwa Bi Saumu.

"Huna haya wewe! Mji mzima umerudi nyumbani na njaa." Akasema hayo huku anavingirisha matambara mikononi. Akachutama, akakumbatia chungu. "Piga basi, unanitazamia nini? Naungua!"

Bibi Salha akapiga. Chungu kikatulia.

"Miaka yote hii," akasema Bi Saumu, "mbona hukuniita?"

"Nilidhani una shughuli zako."

"Shughuli gani? Nami kutwa nazitazama kuta."

Bokoboko ikaiva alasiri, laini, ikivutika kwenye mwiko. Wakawapelekea wasafiri na vipofu waliobaki msikitini. Mwaka uliofuata chungu kilihamia nyumba nyingine kweli, na ule umati haukurudi tena kwa Bibi Salha. Lakini inasemwa kwamba tangu siku hiyo hakula peke yake mpaka alipofariki.

Wanangu, wazee wetu hawakukosa vyakula vya kuiva upesi. Nadhani waliipenda bokoboko kwa sababu humlazimisha mtu kukaa na mwenzake. Bibi Salha alisema kweli ijapokuwa ilimwondolea watu wengi, na Mola akamjaalia mmoja wa kumtosha.

Nawaombeni mkumbuke jambo moja tu: mkiona moshi wa jirani unapanda tangu asubuhi, msingoje kuitwa. Bisheni hodi.