Paa la Mzee Endel

Mwenye shida akiifunika kwa aibu, wale ambao wangemsaidia hubaki nje ya mlango, na shida hubaki ndani ikinenepa. Ndiyo maana ya kusema mficha uchi hazai. Waliotuachia usemi huu hawakuwahi kuketi katika sauna ya moshi, kibanda cha kuogea kwa mvuke, huku Võrumaa, kusini mwa Estonia, ambako kila Jumamosi watu wa nyumba moja huvua kila kitu na kutazamana bila haya. Wangeketi, wangegundua kwamba mtu anaweza kuwa uchi wa mnyama, jasho likimtiririka hadi visiginoni, na bado akawa amejifunika gubigubi. Mtu wa namna hiyo alikuwa Aivo.

Aivo alikuwa fundi wa lifti mjini Tartu, mtu wa umri ule ambao magoti huanza kumjibu mwenyewe. Zamani rafiki yake mmoja alimlipa kazi ya siku chache kwa sarafu za mtandaoni badala ya fedha, na ukoo mzima ukamcheka. Urve, mkewe, alimwuliza kama sarafu hizo zinanunua viazi. Sarafu zikalala ndani ya kompyuta, zikaumuka kama unga uliotiwa hamira, mpaka waliocheka wakanyamaza. Tangu hapo Aivo akawa hashikiki.

Baba mkwe wake, Mzee Endel, mjane, aliishi peke yake shambani huku Võrumaa katika nyumba ya magogo ambayo paa lake lilikuwa limechoka kuliko yeye. Mvua ikinyesha alipanga ndoo sakafuni kama mtu anayeandaa meza ya wageni. Urve alikuwa na kipande cha msitu nyuma ya shamba hilo, alichoachiwa na nyanya yake, misonobari na mibetula aliyoizunguka akiokota uyoga tangu hajui kufunga viatu. Siku ya kuzaliwa ya mzee, Urve alisema kwa unyonge kwamba itabidi auze ile miti ili paa liezekwe kabla ya theluji. Aivo akaweka uma chini, akasubiri wote wamtazame.

"Msitu wa bibi hauguswi," akasema. "Paa nitaliezeka mimi, kwa zile sarafu mlizozicheka."

Urve alimtazama kwa macho ambayo Aivo hakuwa ameyaona tangu mwaka wa harusi. Kesho yake fundi wa mapaa, Vambola, akapewa ahadi.

Sasa kompyuta ya Aivo ilikuwa kizee. Ukiiwasha unakunywa kahawa na kuosha kikombe kabla haijaamka. Jumapili moja aliamua kuifuta yote na kuiwekea mfumo mpya, ndipo auze sarafu zake kwa raha. Alinakili kwenye flashi picha, karatasi za kodi, hata nyimbo za kwaya. Pochi ya sarafu, lile faili lenye funguo zake, hakuinakili. Tena si kwamba aliisahau. Aliitazama, akaipita.

Msimlaumu upesi. Mtu wa Estonia akipoteza kompyuta hapotezi kitu. Dawa zake, hati ya nyumba yake, kodi yake, hata kura yake, vyote vinamsubiri mahali. Anachomeka kadi yake ya kitambulisho, anabonyeza namba ya siri, mlango unafunguka. Akisahau namba, anakwenda polisi na kupewa nyingine. Aivo alikuwa amezeeka katika neema hiyo. Alidhani pochi nayo ina dirisha lake mahali fulani, na nyuma ya dirisha yupo mama mwenye miwani.

Mfumo mpya ulipokaa sawa, alipakua programu ya pochi na kuchomeka kadi. Pochi haikuijua kadi wala mwenye kadi. Ilimwomba maneno kumi na mawili ya siri, basi. Hapo akakumbuka kwamba siku alipoifungua pochi mara ya kwanza ilimwonyesha maneno hayo na kumsihi ayaandike mahali salama; naye akabonyeza "nimeyaandika", kama watu wanavyobonyeza kwamba wamesoma masharti na kuyakubali.

Jioni Urve alimwuliza kompyuta inaendeleaje. Aivo akajibu kwamba inakimbia kama sungura.

Ndivyo safari ya uchovu ilivyoanza. Aliibeba kompyuta kwa siri hadi kwa kijana mmoja mtaalamu wa kufufua vilivyofutwa, naye akampa pole ya bei ghali: mfumo mpya ulikuwa umekaa juu ya pochi kama nyumba iliyojengwa juu ya shimo la viazi. Aliwaza kuomba mkopo, akaona aibu. Vambola alipopiga simu kuulizia malipo ya kwanza, aliambiwa wiki ijayo. Alipopiga tena, wiki ijayo ile ile. Aivo akakonda. Usingizi ukamkimbia, na chakula kikawa kama vumbi la mbao.

"Aivo, una nini?" Urve alimwuliza.

"Magoti."

Urve akampaka dawa ya magoti. Kila usiku alimsugua kwa mikono miwili, polepole, naye Aivo akatazama dari kama mwizi anayefungwa jeraha na mwenye mali.

Mzee Endel, kwa furaha ya paa jipya, alianza kutoa vitu bandani ili mabati ya Vambola yapate pa kulala. Aivo akaitwa kusaidia. Walipakia kwenye trela televisheni yenye mgongo, mashine ya kufulia, na kompyuta kuukuu ambayo Aivo alimpa mzee zamani, alipojinunulia ile aliyokuja kuifuta. Sarafu zake zilianzia maisha ndani ya kompyuta hiyo hiyo kabla hajazinakili kwenye ile ya pili. Lakini alikuwa amemwagiza Urve aifute kabla ya kuigawa, naye aliamini agizo lake lilitekelezwa, kama wenye maagizo waaminivyo.

"Shika huko, mkwe," alisema Mzee Endel. "Ulinipa nzito, na bado nzito. Sijui umesahau nini humu."

Aivo akacheka kwa meno tu. Akainyanyua kwa mikono yake, akaisukuma ndani ya trela, na mzee akaendesha hadi kwenye kituo cha taka.

Jumamosi iliyofuata sauna ya mzee iliwashwa tangu asubuhi. Mchana, moshi ulipokwisha kutoka, mzee na mkwewe waliingia kwanza, wakakaa kwenye ubao wa juu. Mzee alimwaga maji juu ya mawe, akangoja mvuke ushuke.

"Vambola kanipigia," akasema. "Anasema kila wiki wewe una wiki ijayo."

Aivo akachoka. Akachoka kuficha, akachoka na magoti ya uongo, akasema, "Zimekwenda, Baba. Nilizifuta mwenyewe."

Mzee alijichapa mgongo kwa matawi ya mbetula, kama ilivyo desturi ya sauna, taratibu, kushoto na kulia.

"Mimi nimevujiwa miaka mingi, nimezoea," akasema mwishowe. "Kamwambie mwenye msitu."

Urve alikuwa kwenye benchi nje, taulo magotini, akingoja zamu yake. Aivo alisimama mbele yake mvuke ukimtoka mabegani, akasema yote. Urve hakupandisha sauti.

"Na ile kompyuta ya Baba?" akauliza.

"Ilishafutwa. Si nilikwambia uifute?"

"Sikuifuta." Urve alikunja taulo, akalikunjua. "Picha za watoto zilikuwa humo, na wewe ulikuwa unanitania kwamba situpi kitu. Nikamtengenezea Baba ukurasa wake wa kusomea hali ya hewa, basi. Picha nilizihamisha baadaye. Vitu vyako sikuvigusa hata kimoja. Ungeniambia siku ile ile, ningekwambia nenda bandani."

Aivo aliitazama mikono yake.

"Mkwe," Mzee Endel alisema kutoka mlangoni, kwa sauti ndogo, "si ndiyo ile tuliyoibeba?"

Urve akaenda kutazama kituo cha taka hufunguliwa lini.

Kituo kilipofunguliwa tena, waliwahi getini. Mhudumu aliwaonyesha sehemu iliyokuwa imefagiwa. Kontena la vyuma lilikuwa limekwenda kusagwa.

Mashine ya kukata miti ilifika msituni kabla ya ardhi kuganda. Urve alitangulia, akaokota uyoga wa mwisho, kikapu hakikujaa. Theluji ilianguka ikakuta paa jipya. Mzee Endel akalalamika kwamba hajui tena afanye nini na ndoo zote zile, lakini akiwa na binti yake hakutania.

Siku hizi Aivo husema kila kitu. Akivunja kikombe husema kabla vipande havijatulia. Urve humsikiliza, huitikia, na Jumamosi akitoka saunani huketi kwenye benchi lile akitazama mahali msitu ulipokuwa, ambako sasa anga huonekana hadi chini kabisa. Aivo huketi kando yake na hana la kuongeza, kwa maana lilishasemwa kabla yake na waliomzidi: mficha uchi hazai.