Mkate wa Watu Watatu, Jina la Mmoja

Haya, anayetafuna ameze kwanza, maana kesi hii mtaiamua nyinyi, si mimi.

Katika kijiji kimoja cha milima ya Slovakia waliishi ndugu watatu wa tumbo moja. Margita, mkubwa wao, alijua kukanda unga. Verona alijua makaa: akiyatazama tu, anajua kama yataoka au yataunguza. Ondrej, kitinda mimba, alijua kuchonga mti.

Kwao kulikuwa na desturi. Chakula kipya kikifika gulioni huulizwa jina mbele ya watu; likishatamkwa halirudi, na kibanda cha kuuzia pale darajani hupewa yule ambaye jina linamhusu, au warithi wake. Basi ndugu wale wakaapa kwa mkate na chumvi kwamba mkate wao utaitwa kwa jina la marehemu mama yao, ili kibanda kiwe cha wote.

Ondrej akachonga mchi mnene, ambao kwao huitwa trdlo, akaulainisha mwezi mzima.

Margita akakanda unga kwa maziwa na mayai, akausokota kama kamba, akauviringisha kwenye ule mchi.

Verona akakaa motoni akiuzungusha polepole mpaka sukari ikawa ganda la kahawia. Aliungua vidole viwili, hakuuachia.

Gulioni, Ondrej ndiye aliyeubeba. Mzee wa soko akauliza, "Unaitwaje?"

"Trdelník," akajibu bila kupepesa macho.

Margita akalisikia na kulielewa. Katika lugha yao, ukilitia neno mkia ule wa -ník, umesema "kitu cha". Kitu cha trdlo, yaani cha mchi wa Ondrej! Jina la mama halikuwamo humo, wala la Verona, wala lake yeye Margita. Kikulacho ki nguoni mwako, lakini huyu ni mdogo wake, aliyemlea kwa mgongo wake mwenyewe.

"Ondrej, tuliapa kwa chumvi!"

"Dada, mama hatauza mkate. Bila mchi wangu ungebaki na donge."

"Na bila unga wangu, mchi wako ni kuni."

"Bila mimi mngeuza majivu," akasema Verona, akilia.

Mzee wa soko akamgeukia Margita. "Wewe ndiye mkubwa. Ukisema kiapo kimevunjwa, mkate unaondolewa, kibanda anapewa mgeni, nanyi nyote mnarudi mikono mitupu. Ukinyamaza, ni cha Ondrej."

Margita akamtazama Ondrej. Mdogo wake akatazama chini.

Semeni basi, wala msimwonee mtu haya. Kwa haki, kibanda ni cha mwenye mchi, mwenye unga au mwenye moto? Na wewe ungekuwa Margita, ungesema, au ungenyamaza?