Hindi Mgongoni mwa Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitikia kwa nguvu hivyo, mmeshiba? Wenzenu wa ngano hii walikuwa na njaa.

Hapo zamani za kale, funza walivamia mashamba ya wanyama misimu mitatu. Wakala bua, wakala hindi, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru! Ndipo Korongo akaleta mbegu ngeni kutoka mbali, mbegu ambayo funza hawaigusi. Baraza la wanyama likatoa sheria: ipandwe ndani ya ua, ichunguzwe misimu miwili, na kila kinachovunwa kichomwe, mpaka ijulikane kama ina madhara.

Mlinzi wa ua alikuwa Bi Nungunungu. Siku ya mavuno aliyabeba mahindi kwa miiba yake, akayatupa motoni. Pu! Pu! Pu! Harufu ilimtoa mate, lakini hakuonja. Akajikung'uta, akaenda zake nyumbani.

Lakini mgongo wake hakuuona. Hindi moja lilikuwa limenasa kwenye miiba. Mwanawe Kipute akalichomoa, na kwa njaa aliyokuwa nayo, akalila lote. Mama alipogeuka, alikuta gunzi tupu.

Moyo ukamlipuka, paa! Akakimbia, mbio mbio, mpaka kwa Bwana Ngiri, mwenyekiti wa baraza.

"Bwana Ngiri, mwanangu amelila hindi la uani!"

"Nyamaza, Bi Nungunungu! Nimeshatangaza kwamba yote yamechomwa. Ukisema, mbegu itapigwa marufuku, na wewe kazi huna."

"Na mwanangu akiugua, mganga atatibu nini asichokijua?"

Akatoka akitetemeka, miiba chaka, chaka, chaka. Akasimama mbele ya wanyama wote, akasema yote, hata aliyoambiwa na Ngiri. Jamani, walifoka! Ngiri akavuliwa uenyekiti. Nungunungu akanyang'anywa ulinzi. Kanga, mganga wao, akakaa na Kipute siku saba, akimpapasa tumbo. Leo hajambo? Hajambo. Kesho je? Mama hakula, hakulala.

Siku ya nane Kipute akatoka kucheza. Wanyama wakashangilia: "Ni salama! Tupande kila mahali! Tule!"

"Hapana," akasema Nungunungu. "Mwanangu mmoja si kipimo. Msimu wa pili bado."

Wakanuna, wakanung'unika, lakini wakarudi kupanda ndani ya ua. Naye mama, kila Kipute akikohoa, hushtuka.

Funzo ni hili, wakubwa kwa wadogo: sheria ya kitu kigeni hailindwi na ua wala moto, ikiwa mwenye kukosea anaogopa kusema. Ngano yangu naiachia hapo. Mwenye njaa akapike.